Barua Yenye Kithembe

Saa nane na dakika kumi mchana, tanuri la nyuma ya maktaba ya chuo lilikuwa limeshawashwa, na kitu chenyewe cha kuchomwa kilikuwa bado kiko chini ghalani, mezani kwa mtu. Inspekta aliisikia harufu ya moto tangu getini na hakuipenda hata kidogo. Karatasi zilipangiwa kuchomwa saa kumi. Moto unaowashwa mapema hivyo ni moto wa mtu mwenye haraka, na yeye kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kuuliza haraka ya nini.

Kituoni walimwita Kwanini, tena mbele ya uso wake, na alikuwa ameshazoea. Asubuhi ile mkuu wa kituo alimwekea jalada mezani, limefunguliwa ukurasa wa mwisho kabisa, pale pa kutia sahihi.

"Profesa wa watu kajiua," mkuu alisema. "Kaandika kwa mkono wake. Hospitali wamekuta dawa ya moyo tumboni, dozi si ya kawaida. Wewe unataka nini tena?"

"Kikombe, bosi."

"Kikombe gani?"

"Cha chai. Tulikikuta kimeoshwa, kimefunikwa pembeni ya sinki. Mtu kaamua kufa, kanywa sumu yake, halafu kaamka kuosha kikombe?"

"Mstaarabu."

"Binti yake anasema baba yake hajawahi kuosha kikombe tangu azaliwe."

Mkuu alisonya. "Kikombe si ushahidi. Saa kumi chuo wanachoma hizo karatasi kama marehemu alivyoagiza, na saa kumi hiyohiyo mimi nafunga jalada. Ukipata kitu kabla ya hapo nipigie, nitazuia. Usipopata, tafadhali usinipigie."

Basi ndiyo maana Inspekta alikuwa akishuka ngazi za ghala la maktaba huku magoti yakimlalamikia, ameshika ile barua ndani ya mfuko wa plastiki.

Ghala lile halikuwa na dirisha. Lilikuwa na rafu za chuma kutoka sakafuni hadi darini, na mashine ya kukausha hewa iliyonguruma konani mfululizo mpaka mtu akasahau kuwa inanguruma. Upande mmoja wa rafu yalipangwa maboksi ya kijivu kumi na moja. Hayo ndiyo maisha ya Profesa: miaka arobaini ya kusoma na kufundisha Kiingereza cha kale, kile cha karne za kati, kilichoandikwa kwa mkono juu ya ngozi za wanyama kabla ya mashine za kuchapa. Nafasi ya boksi la saba ilikuwa wazi. Lenyewe lilikuwa mezani, na mbele yake aliketi Mhifadhi, mwanamume mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani, akichomoa pini zilizobana vikaratasi vidogo vya Kiswahili nyuma ya kurasa za Kiingereza.

Kando yake, kwenye kiti kisicho na mgongo, alikaa binti wa marehemu amepakata mkoba kwa mikono miwili. Alikuwa muuguzi, mtu mzima, mama wa watoto wawili, lakini siku ile alionekana kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Unafanya nini?" Inspekta aliuliza.

"Natoa pini, afande," Mhifadhi alijibu bila kuinua kichwa. Aliingiza kijisu butu chini ya pini, akaipandisha polepole, akaidondosha kwenye kopo. Kwenye karatasi likabaki doa la kutu. "Chuma kinashika kutu, kutu inakula karatasi. Kila boksi likiingia hapa, kwanza tunatoa pini. Ndiyo sheria."

"Na hizi si zinakwenda motoni?"

"Zinakwenda."

"Sasa kutu itakula nini?"

Mhifadhi alibadilisha miwani, akamtazama. "Mimi kazi yangu kuhifadhi, afande. Leo nimeambiwa nichome. Haya, nitachoma. Lakini karatasi haitoki kwangu na pini ndani yake. Nimeanza saa tatu asubuhi."

"Na unasoma unapotoa?"

"Marehemu kasema zisisomwe. Nashika pembeni, natazama pini tu."

Inspekta alihesabu kwa macho. Nusu ya boksi ilikuwa bado. Mtu yule alikuwa mzembe kupindukia, au alikuwa mjanja, na yeye hakuwa ameamua bado ni lipi.

"Barua hii uliiokota wewe."

"Mimi. Ilikuwa juu kabisa, ndani ya boksi hilihili, siku lilipoletwa kutoka nyumbani kwake. Siku mbili baada ya msiba."

"Boksi lilikuwa na kufuli?"

"Kamba tu."

"Kwa hiyo kati ya nyumbani na hapa, mtu wa kwanza kuifungua kamba ni wewe, na wa kwanza kuiona barua ni wewe. Na mwandiko wa marehemu unaujua."

"Miezi minne sasa naupokea, boksi baada ya boksi. Naujua kuliko wangu." Kijisu kilisimama hewani. "Afande, unaniuliza au unaniambia?"

"Nikijua nitakwambia."

Alimgeukia binti. Barua ilikuwa fupi, lakini kila baada ya maneno mawili matatu ilikuwa na alama iliyomkera, kama herufi p iliyochomoza kichwa juu. Kituoni walikuwa wameirukaruka wakaelewa maana, wakaridhika. Inspekta hakuwa mtu wa kuruka. "Mwanangu, hii naomba unisomee. Kwa sauti. Hizi alama zenu mimi zinanishinda."

"Nimeshaisoma, Inspekta. Mara moja tu, nikalia, nikairudisha. Sitaki kuirudia."

"Najua. Pole. Lakini hujaisoma kwa sauti."

Binti aliishika ile plastiki kwa ncha za vidole. "Hii herufi inaitwa mwiba," alisema. "Ni ya Kiingereza cha zamani. Baba aliitumia hata akiandika Kiswahili, badala ya t na h. Wanafunzi walimwita Mzee Mwiba kwa ajili yake." Akakohoa kidogo, akaanza.

"Mwanangu, niwie rathi." Akasita. Akaendelea. "Moyo wangu thaifu, na thamiri imenichoka. Miaka thelathini nimebeba fetheha ya kazi isiyo na thamani. Nimeamua mwenyewe. Boksi la saba lichomwe bila kusomwa..."

Mhifadhi alicheka, kisha akajiziba mdomo kwa mkono, ameshikwa na aibu. "Samahani. Samahani sana. Nilifikiri..."

"Ulifikiri nini?"

"Nilifikiri dada ana kithembe."

"Sina kithembe," alisema binti. Alikuwa akiitazama barua kana kwamba imemng'ata. "Nimesoma kilichoandikwa. Barua ndiyo yenye kithembe. Rathi. Thaifu. Fetheha. Inspekta, Baba hakuandika hivi. Baba asingeandika hivi hata akiwa na homa!"

"Kwa nini?"

"Weka mkono kooni."

"Nani, mimi?"

"Weka, Inspekta. Sema thamani."

Inspekta aliweka vidole viwili kooni, akijisikia mjinga. "Thamani."

"Ile th ya mwanzo, koo limetulia, sivyo? Sasa sema dhamiri."

"Dhamiri." Chini ya vidole, kitu kilitetemeka kama nyuki ndani ya kiberiti.

"Ndivyo alivyonifundisha kusoma, nina miaka mitano, nimekaa mapajani pake. Koo likitulia, unaandika mwiba. Koo likitetemeka, unaandika ile nyingine, ambayo ni kama d iliyochomwa msalaba shingoni. Thamani ina mwiba. Dhamiri ina msalaba. Hakuchanganya hata siku moja. Nikikosea alinirudisha kooni, mpaka nikalia." Machozi yalikuwa yameanza kumtoka, lakini sauti ilikuwa imekaza. "Humu hamna msalaba hata mmoja. Yote miba. Mtu kamwekea Baba kithembe!"

Mashine ilinguruma. Inspekta alisogeza kipande cha karatasi mbele ya Mhifadhi.

"Andika. Niwie radhi, dhamiri, fedheha, thamani. Kama yeye angeandika."

Mhifadhi hakuuliza sababu. Alichukua penseli, maana kalamu ya wino haikuruhusiwa mle ndani, akaandika taratibu, bila kugusa koo hata mara moja: raði, ðamiri, feðeha, þamani. Akaisukuma karatasi kwake. "Miezi minne, afande. Ningekosea ningeacha kazi."

Inspekta alimfuta kwenye orodha yake, kwa masikitiko kidogo, kwa sababu alikuwa mshukiwa aliye karibu na asiyekimbia. "Asiyezijua herufi hizi asingeuandika mwiba," alisema, akiwahesabia vidoleni. "Anayezijua kama nyinyi asingekosea. Kwa hiyo namtafuta mtu wa katikati. Anaujua mwiba, lakini sheria ya mzee haijui. Mtu gani huyo?"

"Wale waandishi wa kale wenyewe," Mhifadhi alisema. "Vitabuni mwao wanachanganya, afande. Mwiba kwa sauti zote mbili, mara huu, mara ule, hawajali. Mtu aliyesoma vitabu vyao tu, asisome Kiswahili cha Profesa, angeandika hivyohivyo."

"Na hapa chuoni waliosoma vitabu hivyo ni wangapi?"

"Walikuwa wawili." Mhifadhi alidondosha pini koponi. "Amebaki mmoja."

Binti alishusha barua magotini. "Kaka?" alisema, polepole sana, na si kwa mtu yeyote mle ndani.

Hakuwa kaka wa tumbo moja. Alikuwa mwanafunzi wa baba yake, aliyelelewa kimasomo sebuleni kwao, aliyekula mezani kwao miaka na miaka, na sasa ndiye mkuu wa idara na mwenyekiti wa kamati iliyotia sahihi karatasi zichomwe. Chuo kizima kilimwita Dokta.

"Usimpigie simu," Inspekta alimwambia, akiwa ameshafika mlangoni. "Na wewe bwana pini, usiongeze mwendo."

"Mimi?" alisema Mhifadhi.

Ofisi ya Dokta ilikuwa ghorofa ya tatu, na Inspekta alifika akihema. Ilikuwa ofisi nadhifu. Kitabu kimoja kinene, chenye jina la mwenye ofisi mgongoni, kilikuwa kimepangwa rafuni nakala kumi na mbili. Mlangoni pia jalada lake lilikuwa limebandikwa, limewekewa fremu. Dirishani, juani, ilikaa chupa ya kijani ya chai.

"Karibu mama, karibu sana. Chai?"

"Nimeshakunywa, ahsante."

"Hiyo chupa inanitia simanzi," Dokta alisema, ameona macho yake yalipotua. Alikuwa na sauti nzuri, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Kila alasiri nilikuwa nampelekea mzee chai. Miaka. Alikuwa baba kwangu."

"Na siku aliyofariki?"

"Ndiyo kinachoniuma. Siku ile sikwenda. Kazi zilinibana hapa."

"Tarehe kumi na nane."

"Kumi na nane. Sikutia mguu kwake. Labda ningekwenda..." Alitikisa kichwa.

Inspekta aliandika: *18, hakwenda*. Kisha akajitia mnyonge, jambo alilolifanya vizuri kuliko wengi. "Dokta, nisaidie. Ripoti yangu lazima ieleze hizi herufi za marehemu, na mkuu wangu atanicheka. Niandikie maneno mawili matatu kama yeye alivyokuwa akiandika, niyabandike tu. Dhambi. Adhabu. Theluthi. Nadhani."

Dokta alitabasamu, akachukua kalamu. Aliandika haraka, bila kusita, mkono umelala kulia kama ule wa barua. Þambi. Aþabu. Þeluþi. Naþani. "Herufi moja tu, mama, si jambo kubwa. Waandishi wa karne zile waliitumia kwa sauti zote mbili, na mzee aliwafuata."

"Zote mbili sawasawa?"

"Sawasawa."

"Na vile vikaratasi vya Kiswahili, alivyokuwa akibana kwa pini nyuma ya kurasa zake za Kiingereza?"

"Ah, vile!" Dokta alipunga mkono. "Mambo ya jikoni. Kapoteza miwani, kaumwa mgongo, nani kaja, nani kaondoka. Sikuwahi kuvisoma."

Inspekta aliikunja karatasi, akaiweka mfukoni kwa uangalifu. Ni hapo alipoona kuwa Dokta hamtazami tena. Alikuwa akitazama dirishani, na uso wake ulikuwa umelegea, kama mtu aliyevua kiatu kilichombana. Nje, kutoka nyuma ya maktaba, moshi mweusi mzito ulikuwa ukipanda.

"Naona wameanza," alisema.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na nusu.

"Si mlisema saa kumi?"

"Nilimtuma mtu awaambie wawahi. Ya nini kumtesa yule binti kwa kumsubirisha?"

Inspekta aliteremka ghorofa zile tatu kwa kasi ambayo magoti yake hayakuwa yameiona kwa miaka kumi, akijilaani kwa sauti, na nyuma yake alisikia viatu vya Dokta vikimfuata bila haraka. Maandishi ya mfukoni yalimtosha mkuu wake. Lakini boksi likiwa majivu, wakili yeyote angesema Dokta kakosea tu herufi, na binti angeishi na baba aliyejiua kwenye jalada la serikali mpaka mwisho wa maisha yake.

Uani, mlango wa tanuri ulikuwa wazi. Ndani, kadibodi ya kijivu ilikuwa ikijikunja, na namba 7 ilionekana kwa mara ya mwisho kabla haijaliwa. Mhifadhi alisimama kando, koleo mkononi, jasho likimtiririka.

"Umefanya nini wewe!" Inspekta alipiga kelele.

"Agizo la kuwahi limekuja na sahihi, afande. Boksi la saba lichomwe. Nimelichoma."

"Mpumbavu mkubwa!"

"Boksi," Mhifadhi alirudia, akivuta neno. "Karatasi hazijaisha pini. Karatasi yenye pini haitoki kwangu, nilishakwambia." Akaonyesha kwa koleo. Nyuma ya mlango wa ghala unaofungukia uani, juu ya toroli la vitabu, karatasi zote zilikuwa zimepangwa mafungu mafungu, na binti wa marehemu amesimama mbele yake ameyakinga kwa mwili.

Dokta alikuwa amefika. Alisimama ghafla.

"Afande, kuna jambo lingine," Mhifadhi aliendelea, sasa bila mzaha. "Pini za boksi hili zote zina kutu. Za miaka thelathini, ishirini, zote kutu tupu. Isipokuwa moja. Ukurasa wa mwisho kabisa. Inang'aa. Sikuitoa. Nimekusubiri."

Inspekta alisogea torolini. Ukurasa wenyewe ulikuwa wa Kiingereza, umepigwa taipu, wenye tarehe ya miaka ishirini na mbili iliyopita, na juu yake lilisimama jina lilelile la kitabu lililokuwa kwenye fremu mlangoni kwa Dokta. Kitabu kizima kilikuwa pale, kabla Dokta hajakiandika. Nyuma yake kulikuwa na kikaratasi kidogo kilichobanwa kwa pini mpya. Wino ulikuwa bado mweusi.

"Soma, mwanangu," alisema.

Binti aliinama. Vidole vya mkono wa kushoto vilipanda vyenyewe kooni.

"Tarehe kumi na nane. Mwanafunzi wangu kaja na chai. Leo chungu. Nimekunywa theluthi kwa adabu, iliyobaki nimemwagia maua. Anadhani nimemaliza." Alisimama kwenye neno lile, akaonyesha: msalaba ulikuwa shingoni mwa d, mahali pake. "Sasa yuko jikoni, ananioshea kikombe."

Moto ulipasua kipande cha mwisho cha kadibodi. Binti aliinua macho kwa mtu aliyemwita kaka tangu yuko shule ya msingi, na hakulia.

"Kwa adabu, Kaka," alisema. "Hakutaka kukuaibisha."

Dokta alikuwa amekikodolea macho kile kikaratasi. Alipozungumza alikuwa kama mtu aliyedhulumiwa.

"Lakini aliniambia amemaliza."

Kisha akasikia alichosema. Mkono wake ulipanda kooni, ukabaki pale.

Inspekta Kwanini, kwa mara ya kwanza siku ile, hakuwa na swali. Alitoa simu akampigia mkuu wake, ikiwa bado dakika ishirini saa kumi kufika, na kwa mkono wa pili akatoa pingu.